Fundi wa Kanda Mjini Garissa

Kabla ya kugusa mashine yoyote, fundi anaielekeza kanda dirishani na kuchungulia kijidirisha chake cha plastiki, aone kama utepe umekaa sawasawa au umejikunja ukingoni. Ni kaseti ya dakika 60: nyimbo za Kisomali ziitwazo qaraami, sauti ya mwanamume na udi, ambao Wasomali huuita kaban. Bibi aliyeileta ameitunza miaka mingi katika sanduku la bati. Mchana wa Garissa hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa, na sanduku la bati ni tanuri.

Anafungua skrubu tano kwa bisibisi ndogo na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Ndani mna utepe wa mita 86 hivi, mwembamba kuliko unywele. Kile kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe kwenye hedi kimebanduka. Joto limeimaliza gundi yake. Anatoa kingine katika kanda tupu aliyoiweka kwa ajili ya vipuri, anakikamata kwa kibano na kukibandika kwenye springi ya shaba. Utepe ulipokatika hatumii selotepu, maana gundi yake huvuja. Anatumia plasta ya kuungia utepe, upande wa mgongo tu, kisha anaisugua kwa ukucha mpaka viputo vya hewa viishe.

Halafu deki. Pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo. Anaifuta hedi, anafuta gurudumu la mpira linalovuta utepe, anabadilisha pamba mpaka ya mwisho itoke nyeupe. Kanda inaanza kuzunguka. Sauti ni nzito, kama ya mtu anayeimba ndani ya blanketi. Hedi ya redio iliyorekodi ilikuwa imeinama kidogo, na hii imesimama kwa pembe yake. Ubavuni mwa hedi mna skrubu moja ndogo. Fundi anafumba macho, anaizungusha kidogo, anairudisha, anaisogeza tena. Mara zile “s” za mwimbaji zinang’aa, na uzi wa udi unasikika unavyochapwa kabla ya kuitika. Zimepita dakika 20, wala sikuona bisibisi ikizunguka zaidi ya upana wa punje ya mchele.

“Fundi, utajuaje kama mwendo wake ndio huu?”

“Subiri, ndugu yangu. Umeme utatuambia.”

Kompyuta inanasa sauti kwa sampuli 96,000 kila sekunde, biti 24, bila kubana chochote. Saa moja hula karibu gigabaiti 2. Kwenye skrini, chini ya nyimbo, kuna mstari mwembamba usiokatika: mngurumo wa umeme ulioingia siku ya kurekodi. Alikwishasikiliza deki bila kanda, akahakikisha si wake. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mstari huu uko kwenye 52. Basi kanda inakimbia kwa asilimia 4, na mwimbaji amepandishwa kuliko alivyoimba. Fundi anapunguza mwendo mpaka mstari ukae kwenye 50, na sauti ya yule mwanamume inashuka, inapata kifua. Ndipo anapoufuta mngurumo. Kuufuta ni kubofya tu. Mimi nilistaajabia kwamba aliufanya rula kwanza.

Mvumo wa utepe anaupunguza kidogo sana, kwani ukizidisha, udi hulia kama bati. Kikohozi anakiacha. Kijiko kinachogonga gilasi ya chai anakiacha pia: mtu huyu aliimba sebuleni mwa watu.

Si bibi huyu tu aliyetunza kanda. Mji wa Wasomali wa Hargeisa uliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio ya mji huo zilinusurika kwa sababu kuna watu waliozificha na kuzifukia. Leo Redsea Cultural Foundation, huko huko Hargeisa, inatunza kanda zaidi ya 10,000. Na udi katika muziki huu una deni kubwa kwa Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi mwaka 1924. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatumtaji vya kutosha.

Upande B hauna wimbo. Dakika tano, kumi, ni mvumo mtupu. Nilidhani ataizima, lakini Wasomali walitumiana kanda kama barua, na huenda mtu aliongea mwishoni. Alisikiliza zote 30. Kisha akaandika daftarini, “B: tupu,” akairudisha kanda mwanzo na kufunga zile skrubu tano.