Uhakiki wa Istilahi: Mate, Sukari na Meno ya Mtoto

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ilikuwa pia njia ya maneno. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na pembe za ndovu walirudi kwao na nguo, shanga na lugha ya Kiswahili. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuta lugha hiyo imekwisha kuzoeleka huko. Ndiyo maana mzazi wa Tabora anayezungumza na mganga wa zahanati leo anatumia kwa pamoja maneno yenye asili mbalimbali: jino, mate na ufizi, ambayo ni ya Kibantu, na sukari, asali, dawa na mswaki, ambayo yalitufikia kutoka Kiarabu. Yote sasa ni mali yetu.

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno yanayotumika kumweleza mzazi habari za meno ya mtoto mdogo. Swali letu ni moja: je, maneno hayo yanamwonyesha chanzo cha ugonjwa, au yanamfichia? Wasomaji wetu wasidhani kwamba swali hili ni la wanaisimu peke yao. Kama tutakavyoonyesha, lipo jina moja ambalo limewaumiza watoto wengi.

Tuanze na neno kuoza. Nyama huoza na embe huoza, nalo embe likiisha kuoza halirudi kuwa zima. Jino haliko hivyo. Juu ya jino hujengeka ukoga, na ndani ya ukoga huo huishi vijidudu vinavyogeuza sukari kuwa asidi. Asidi huyeyusha madini ya enameli, yaani lile gamba gumu la nje. Dalili ya kwanza ni mabaka meupe, mara nyingi karibu na ufizi, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kupona iwapo ulaji na usafishaji vitarekebishwa. Mzazi anayejua neno kuoza tu hungoja aone tundu jeusi, kwani mbele ya hapo haoni kilichooza. Kwa maoni yetu yafaa tuseme kwamba jino linalika, kama vile chuma kinavyolika kwa kutu, na neno kuoza tuliweke kwa hatua ya mwisho, jino linapokwisha kutoboka.

Neno la pili ni mdudu. Imani kwamba jino huliwa na mdudu ni ya kale, na imeonekana katika mataifa mengi ya dunia. Hapa sarufi yetu yenyewe inatusaidia. Mdudu ni mmoja, anaonekana, na anaweza kutolewa. Kwa hiyo mwenye kuamini mdudu atamtafuta mtu wa kumtoa. Vijidudu ni vingi, havionekani, na havitolewi kwa mkono. Hupunguzwa kila siku kwa mswaki na kwa kuvinyima sukari. Mwalimu anayefundisha somo hili asiyachanganye maneno haya mawili, maana kila moja linamwelekeza mzazi mahali pake.

Neno la tatu ni mate. Wako watafsiri wanaoona haya kuliandika kwa sababu kutema mate ni ishara ya dharau, wakachagua kusema "majimaji ya kinywani". Wahenga waliuliza, ya nini kuandikia mate na wino ungalipo? Nasi twauliza, ya nini kulikwepa neno mate na lenyewe lingalipo? Mate huosha kinywa, hupunguza ukali wa asidi, na huirudishia enameli kalsiamu na fosfeti iliyopotea. Usingizini mate hupungua sana. Kwa hiyo mtoto anayelazwa na chupa ya uji wa sukari au ya maji matamu hubaki na utamu kinywani saa ambayo mlinzi wake amelala. Vivyo hivyo, mtoto anayekula vitu vitamu kidogo kidogo mchana kutwa hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yake.

Hapo ndipo lishe inapoingia, nayo huingia kwa milango miwili. Meno 20 ya utoto huanza kuumbika mtoto angali tumboni. Upungufu mkubwa wa chakula katika miezi hiyo na ile inayofuata kuzaliwa huweza kuiacha enameli ikiwa nyembamba na yenye mikwaruzo. Tena, utapiamlo hupunguza mate yenyewe. Hivyo maneno "chakula bora" hayapaswi kukaa katika sura ya uzito na urefu wa mtoto peke yake. Yana haki ya kukaa pia katika sura ya meno.

Istilahi ya nne inawahusu watafsiri hasa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watu wazima na watoto wapate chini ya asilimia 10 ya nishati yao kutokana na aina ya sukari ambayo Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya "huru" na pia ya "bila malipo". Mwenye kutafsiri "sukari ya bure" atawachekesha wasomaji, na mwenye kutafsiri "sukari huru" hatawachekesha, lakini hatawaeleza kitu. Jambo lenyewe ni sukari inayotiwa katika chakula na kiwanda, mpishi au mlaji, pamoja na ile iliyomo katika asali, shira na maji ya matunda.

Kwa mkoa wa Tabora tofauti hii si ndogo. Tabora ni nchi ya miombo na mizinga, ina chuo cha ufugaji nyuki, na asali yake inajulikana nchini kote. Katika lugha ya kila siku sukari ni ile inayopimwa dukani, na asali ni kitu kingine. Tena wengi huiita dawa. Mzazi akiambiwa "punguza sukari" ataitii amri hiyo kikamilifu huku akiupaka ulimi wa mtoto asali. Hapo kosa si lake, ni la mwandishi. Tunapendekeza "sukari za kuongeza na za asali", ijapokuwa ni maneno mengi, kwa sababu istilahi ndefu inayoeleweka ni bora kuliko fupi inayopotosha. Na ikumbukwe kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapaswi kupewa asali kabisa, kwa sababu nyingine ya kiafya: huweza kuwa na chembe za vijidudu vinavyoleta sumu mwilini mwake.

Tumeliacha mwisho jina lililo baya kuliko yote, nalo ni "meno ya plastiki", ambalo wengine hulisema "meno ya nailoni". Jina hili lilienea nchini Tanzania katika miaka ya 1980. Mtoto mchanga anapopata homa au kuharisha, hufunuliwa ufizi, huonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, na husemwa kwamba hayo si meno bali plastiki, nayo ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Kisha hung'olewa kwa chombo kisicho safi. Matokeo yake yameandikwa na madaktari: kutoka damu, pepopunda, kuambukizwa damu, na vifo, na mtoto anayepona huweza kuota chonge za ukubwani zilizoharibika au asiote kabisa. Huku nyuma kuharisha kwenyewe, ambako kulihitaji maji ya chumvi na sukari, hakukutibiwa. Desturi hii haikomei kwetu; Uganda nayo inayo, na huko huitwa ebinyo.

Tazama kazi iliyofanywa na neno moja. Ule uvimbe ni chipukizi la chonge, jino halali la mtoto linalongoja zamu yake. Mtu hawezi kwa urahisi kumng'oa mwanawe jino zima. Lakini plastiki ni kitu kigeni, ni taka, na taka hutupwa. Jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya mganga kushika kisu. Kwa hiyo haitoshi vipeperushi kuandika "msing'oe meno ya plastiki", kwa kuwa sentensi hiyo inakataza tendo na papo hapo inathibitisha kwamba plastiki ipo. Yafaa iandikwe "msing'oe machipukizi ya chonge", na lile jina lingine litajwe mara moja tu, kwa ajili ya kulikanusha.

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Maneno chonge, ufizi, ukoga, mate na vijidudu tunayo tayari, wala hayahitaji kamati ya kuyaunda. Tunawaomba walimu wayafundishe, watafsiri wayaandike bila haya, na maofisa wa afya wayatumie hivyo hivyo katika kila zahanati, ili mzazi asikie neno moja lenye maana moja popote aendapo.