Glavu za Zimwi: Vifaa vya Kiajabu na Ujenzi wa Mhusika katika Dungeons & Dragons

Toleo la tatu la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons (2000) lilimpangia kila mhusika mali kwa ngazi yake; aliyefika ngazi ya 20 alikadiriwa sarafu 760,000 za dhahabu. Vifaa vya kiajabu vilikuwa stahili yake, mithili ya mshahara. Glavu za nguvu za zimwi ziliongeza alama 2 juu ya nguvu alizokuwa nazo mvaaji, hivyo uamuzi wa awali wa mchezaji uliheshimiwa.

Toleo la 2014 liliigeuza mantiki hiyo. Glavu zilezile huzipandisha nguvu hadi 19, hata za mchawi dhaifu, ilhali mpiganaji mwenye 20 haambulii kitu. Aliyejinyima akili na haiba ili ajenge misuli huona gharama yake ikifutwa na kasha moja la hazina. Ukomo wa vifaa vitatu vya kufungamana na mhusika (kanuni nzuri, kwa hakika) huzuia ulimbikizaji tu. Utetezi kwamba hesabu za toleo hilo hazivitegemei vifaa hautoshi: kisicho lazima, mchezaji hana msingi wa kukidai, hukingojea kwa msimamizi wa mchezo.