Mayai ya Safura Mbele ya Kamera ya Simu

Chipu ya iPhone 4S ya mwaka 2011 ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 45. Nanoteknolojia, kwa hiyo, ilikwishaingia Pemba ndani ya mifuko ya watu, wala haikusubiri semina. Watafiti wa maabara ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliigeuza simu hiyo hadubini ya kutafutia mayai ya minyoo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mno. Lenzi ya mviringo kama gololi, ya milimita 3 na bei ya dola 8 hivi, iligandishwa mbele ya kamera kwa utepe unaonata pande zote mbili. Kioo chenye sampuli ya choo kikawekwa karibu na kumulikwa kwa tochi. Vioo 199 vilisomwa kwa simu, majibu yakalinganishwa na ya hadubini ya kawaida.

Minyoo mikubwa ya mviringo simu iliigundua kwa asilimia 81, minyoo ya mjeledi 54.4, minyoo ya safura 14.3 tu. Hapo ndipo penye somo. Lenzi ya gololi huonesha vyema katikati na kufifiza pembeni, lakini lawama yote si yake. Yai la safura lina ganda jembamba, na gliserini inayoifanya sampuli ipitishe nuru hulifuta lisionekane baada ya saa moja hivi. Tena simu ilikosea zaidi pale mayai yalipokuwa machache, na kisiwa kinachogawa dawa za minyoo mashuleni miaka nenda rudi kitakuwa na wagonjwa wengi wa namna hiyo hasa.

Sayansi ya kompyuta iliingilia hapo. Huko Kinondo, Kwale, nchini Kenya, watafiti walipiga picha za vioo kwa hadubini ndogo ya kidijitali, kisha programu iliyofunzwa kwa mifano ikatafuta mayai. Ripoti yao ilitoka mwaka 2017. Kwa maoni yangu faida kubwa si akili ya programu. Picha iliyopigwa mapema haifutwi na gliserini, na inaweza kusomwa hata kesho.

Kwa mtu wa Jadida, Wete, aliye mbali na maabara ya Chake, chipu si kikwazo tena: simu za sasa zinaweza kuendesha programu ya aina hii zenyewe, bila mtandao. Kinachohitajika ni kitu cha ufundi wa kawaida kabisa, kishikizo cha bei nafuu cha kusogeza kioo hatua kwa hatua ili kamera isiruke sehemu yoyote.