Sifa za Mpima Idhini

Msimu wa kahawa unapofunguliwa, na wakulima wa Kamachumu na Nshamba wanapoanza kuteremsha magunia ya maganda kwenye maghala ya vyama vyao vya msingi, huanza pia kazi nyingine isiyo na vumbi wala harufu, nayo ni kuandika kilo za kila mtu na kuzijumlisha, hata hesabu ziwasili kwenye chama kikuu, KCU, kule Bukoba, pasipo upungufu. Nami, kwa kuwa zama hizi kompyuta yaweza kukabidhiwa programu ya akili bandia inayojitungia amri na kuzitekeleza yenyewe, naona inastahili kumsifu fundi ambaye hatajwi katika mkutano mkuu wa wanachama, yaani yule anayeamua amri ipi ipite, ipi iulizwe kwanza, na ipi izuiwe kabisa.

Msingi wa sanaa yake si mgeni. Mwaka 1975 wanasayansi wa kompyuta Saltzer na Schroeder walikwisha kueleza kwamba kila programu ipewe mamlaka yale tu yanayoitosha kwa kazi yake, kama vile karani wa mizani asivyopewa ufunguo wa kasiki, ajapokuwa mwaminifu. Na mwaka 1979 mfumo wa Unix ukapata nyenzo ya chroot, ambayo huifungia programu katika tawi moja la mafaili, ikadhani kuwa hapo ndipo ulimwengu unapoishia. Ua huo wa awali ulikuwa dhaifu, na wenye hila waliuruka; nyua za leo, ambazo mafundi huziita sandiboksi, husimamiwa na kiini chenyewe cha mfumo.

Lakini ustadi hasa huonekana katika mambo madogo. Tuseme fundi wetu ameombwa airuhusu amri ya find, na mtu asiye na hadhari angejibu upesi kuwa haina neno, kwani kazi yake ni kutafuta mafaili tu. Kumbe amri hiyo hiyo, ikiongezewa mwishoni neno -delete, hufuta kila ilichokiona, na ikiongezewa -exec, huita amri nyingine yoyote ipendayo. Tena mstari waweza kuanza kwa cat, iliyo amri ya kusoma, kisha ikaja nukta mkato, na nyuma ya nukta hiyo ikajificha rm -r, ambayo haimbakizii mkulima hata kilo moja. Kwa hiyo fundi stadi haridhiki na neno la kwanza. Huupasua mstari mzima, akakitazama kila kipande peke yake, wala bado hauamini uchunguzi wake mwenyewe pasipo ua ulio chini yake.

Wapo wanaodhani kwamba usalama ni kuuliza maswali mengi. Mimi siafiki. Karani wa Muleba, ambaye foleni ya wakulima imemfikia mlangoni na kila dakika kompyuta inamwuliza kama aruhusu au akatae, hatasoma tena. Atabonyeza ndiyo, na ndiyo, na ndiyo, hata siku ya msiba. Hapo ndipo fadhila ya ua inapodhihiri: programu ikiwekwa ndani pamoja na nakala ya daftari, asili ikabaki nje, yaweza kuachiwa ikahesabu, ikakosea, ikafuta na kuanza upya bila kumwudhi mtu, na maswali yakabaki machache, yanayohusu kutoka nje ya ua tu.

Katika kutoka huko, jambo linaloogofya kuliko yote ni intaneti, maana programu isiyoweza kufuta kitu yaweza hata hivyo kukichukua. Orodha yenye majina ya wakulima, simu zao, kilo zao na madeni yao ingekuwa tunu kwa mnunuzi wa butura, yule anayenunua kahawa ingali mtini kutoka kwa mwenye shida. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuivujisha si uzembe tu. Kwa sababu hiyo fundi huufunga mlango huo kwanza, kisha, pakiwa na haja, huruhusu anwani moja inayojulikana.

Husemwa kwamba mtu wa namna hii ni mzito na anachelewesha kazi, na siku ya kwanza ni kweli. Ila tazama anavyojitendea mwenyewe: ijapokuwa mashine nzima iko chini yake, huingia kwa jina la mtumiaji wa kawaida, akaazima mamlaka makubwa kwa sudo, amri iliyotungwa Buffalo, New York, yapata mwaka 1980, akafanya lile moja alilolikusudia, likaandikwa kwenye kumbukumbu pamoja na jina lake na saa yake, kisha akayarudisha.