Kumtambua Samaki wa Mapambo Atakayeishi

Samaki wa mapambo anayekufa siku ya tatu au ya nne baada ya kufika nyumbani, kwa kawaida hakuuawa na jambo lililotokea siku hiyo. Kifo chake kilianza mapema: katika maji ya duka, katika mfuko wa safari, au katika tangi jipya ambalo mwenye nyumba alilijaza maji jana yake. Kote huko kuna dalili, na mnunuzi anayezijua huzisoma kabla hajatoa pesa.

Nitatumia mfano wa samaki wa Ziwa Tanganyika, hasa Tropheus. Ni samaki wa kwetu, anayeishi kwenye miamba ya kando ya ziwa, na ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtafuta sana. Tena hasamehe uzembe. Ukijua kumchagua na kumpokea yeye, wengine wengi hawatakushinda.

Hukumu ya kwanza ni ya tangi lako

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojishikiza kwenye chujio, mawe na changarawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huhitaji kama wiki nne hadi sita kuongezeka hadi kutosha. Tangi la jana lina maji maangavu yanayopendeza, lakini bakteria hao hawamo. Amonia huunguza matamvua. Naitraiti huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Samaki hukosa pumzi ndani ya maji yanayoonekana safi kabisa.

Kwa Tropheus hatari huzidi. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Katika joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, sehemu hiyo hupita theluthi moja. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia, huku kinaua.

Kwa hiyo nunua kipimo cha matone kabla ya kununua samaki. Lisha tangi amonia kidogo kidogo na upime. Tangi liko tayari pale amonia na naitraiti zinaporudi sifuri ndani ya siku moja baada ya kulishwa. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, kwa sababu klorini huwadhuru samaki na bakteria pia. Kuyaacha wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikifanya kazi huondoa klorini ya kawaida, ila hakuondoi kloramini. Na sponji la chujio lioshwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe lisioshwe kwa maji ya bomba.

Soma duka kabla ya kumsoma samaki

Simama mbali kidogo uyatazame matangi yote. Mwani kwenye kioo cha nyuma si aibu. Unaonyesha tangi limeishi muda mrefu. Maji ya buluu au ya kijani kibichi mara nyingi yametiwa dawa, maana yake kuna ugonjwa unaotibiwa, basi usinunue humo hata samaki mmoja. Uliza kama matangi yanachangia mfumo mmoja wa maji. Yakichangia, samaki mgonjwa wa tangi la mwisho ni jirani wa yule unayemtaka. Tazama pia wavu: muuzaji makini ana wavu wa kila tangi au ndoo ya dawa ya kuuchovya. Samaki mmoja aliyekufa anaweza kutokea popote, lakini mfu aliyeachwa hadi akaanza kuliwa na wenzake anaonyesha jinsi duka linavyotunzwa.

Pumzi kwanza, tumbo pili, rangi mwisho

Mnunuzi mgeni huanza na rangi. Mjuzi huanza na pumzi. Mifuniko ya mashavu ifunguke na kufunga taratibu, pande zote mbili sawa. Anayehema haraka, anayetumia upande mmoja tu, au anayening'inia juu akivuta hewa, huenda matamvua yake yamedhurika.

Kisha tazama tumbo. Lililobonyea nyuma ya kichwa ni la samaki aliyekaa na njaa muda mrefu au mwenye minyoo. Lililovimba kwa Tropheus ni hatari zaidi. Samaki huyu hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa chakula hicho. Akilishwa vyakula vyenye nyama nyingi au akisumbuliwa na wenzake, tumbo huvimba, samaki huacha kula, na wengi hawaponi. Omba alishwe mbele yako. Tropheus mzima hukimbilia chakula. Anayekitema au kujitenga kwenye kona mwache.

Angalia ngozi na mapezi: madoa meupe mfano wa chembe za chumvi ni ugonjwa wa vimelea, na mapezi yaliyobanwa mwilini ni dalili ya mateso. Ndipo uje kwenye rangi, nayo uitazame kwa ujuzi. Tropheus duboisi mchanga ni mweusi mwenye vidoa vyeupe, akikua vidoa hupotea na mkanda hujitokeza. Kubadilika huko ni afya. Lakini samaki mdogo mno mwenye rangi kamili za dume mzima huenda amepewa homoni, na samaki wa kioo, yaani yule mwenye mwili unaopenya mwanga, akiwa na mistari ya rangi kali amechomwa wino kwa sindano. Usiwanunue.

Maswali kwa muuzaji

Walifika lini? Wanakula nini? Maji yenu yana pH gani? Muuzaji fundi hujibu bila kusita, na hukubali kukuwekea samaki wiki moja ukilipa sehemu ya bei. Anayekusukumia samaki walioshuka leo kwa punguzo, kumbuka kibaya chajitembeza. Tropheus nunua kundi, kumi na zaidi kwa mara moja, kwa kuwa mmoja au wawili huandamwa na wakubwa wao hadi kufa.

Mfuko na mlango wa nyumba

Katika mfuko uliofungwa, hewa chafu ya pumzi hushusha pH, na amonia iliyokusanyika hupungua ukali. Ukifungua, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu. Kwa hiyo samaki waliosafiri siku nzima wasikalishwe saa nyingi katika mfuko ulio wazi. Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ufungue, watoe kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko yamwage nje. Hili hufaa tu ukiwa umeyaandaa maji yako mapema yafanane na ya dukani kwa pH na ugumu. Waliotoka duka la jirani wanaweza kuongezewa maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa. Zima taa, usiwalishe siku hiyo, na uwaweke katika tangi la karantini wiki mbili hadi nne kabla ya kuwachanganya na wenyeji.

Ukishindwa kutimiza hata moja kati ya mambo haya leo, rudi nyumbani mikono mitupu. Samaki mzuri atapatikana tena mwezi ujao, na tangi lako litakuwa limekomaa zaidi kumpokea.