Ngazi zile hazikupaswa kufutwa

Mliokuwa ukumbini kwenye mafunzo ya LabVIEW mnaikumbuka picha hii, na waliotazama video kwenye simu za wenzao wanaijua vilevile: mstari mweupe kwenye grafu nyeusi unarukaruka kama panzi, na kijana wa safu ya pili, ameshika ncha ya themokapo, waya wa kupimia joto, kati ya vidole viwili, anauliza, "Mwalimu, mbona inaruka hivi na mkono wangu umetulia?" Swali lile lilikuwa somo zima la asubuhi. Mkufunzi hakulijibu. Alifungua menyu ya bloku, akavuta kichujio cha wastani, akakipachika katikati ya waya, akabonyeza mshale wa kuendesha. Mstari ukalala. "Sasa iko sawa," akasema, na ukumbi ukapiga makofi.

Haikuwa sawa. Kosa hili nimeliona hapa Bukavu zaidi ya mara moja, na kila mara hupigiwa makofi, kwa hiyo leo nitalizungumzia kwa kirefu.

Hesabu ya kosa hilo ingechukua dakika 5 ubaoni. Kisanduku kinachogeuza volti za kihisi kuwa namba kilikuwa cha USB, biti 14, na upeo wa volti uliachwa ulivyokuja: kutoka -10 hadi +10. Biti 14 ni ngazi 16,384. Gawa volti 20 kwa ngazi hizo, kila ngazi inapata milivolti 1.22 hivi. Njoo upande wa kihisi. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila digrii ya Selsiasi. Maana yake ngazi moja ya kisanduku ni karibu digrii 30. Kutoka baridi ya ukumbi ule hadi joto la vidole ni digrii kumi na kitu. Ishara yote ya yule kijana haikufika hata nusu ya ngazi! Alichokiona kikiruka hakikuwa joto la mkono wake. Ilikuwa kelele ya kisanduku chenyewe, ikipanda na kushuka ngazi ambazo joto lake halikuweza kuzifikia.

Najua atakayenijibu kwamba wastani ni mbinu halali, na hata vitabu vinaifundisha. Ni halali. Kelele ikiwa kubwa kuliko ngazi, na ikiwa haina upande inaoegemea, wastani wa sampuli 100 huipunguza mara 10. Ndiyo maana mstari ulipolainika ulionekana pia ukipanda kidogo kijana alipobana vidole, na ndiyo maana watu walishawishika. Lakini wastani hauna dawa ya kosa la kudumu, lile linalosogeza kila namba upande mmoja. Kisanduku kikikosea milivolti 1 tu, na vya bei ndogo hukosea hivyo bila taabu, tayari una digrii 24 za uongo. Jumlisha sampuli milioni, utapata uongo uleule, ila sasa umenyooka. Isitoshe, themokapo haipimi joto la ncha peke yake, inapima tofauti kati ya ncha na pale waya zinapoingia kwenye kisanduku. Joto la pale liliandikwa kwa mkono: 25. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa asubuhi, na nusu ya washiriki walikuwa wamevaa sweta. Nani alilipima hilo 25?

Njia za kutoka zilikuwepo, tena mkononi. Kushusha upeo hadi volti 1 kila upande kungepunguza ngazi kutoka digrii 30 hadi digrii 3, na washiriki wangeona kwa macho yao kwamba kubadilisha namba mbili kwenye dirisha la mipangilio kunabadilisha kile ambacho chombo kinaweza kuona. Amplifaya ya themokapo ingefanya kazi iliyobaki. Au mkufunzi angeweka themokapo pembeni kwa siku hiyo na kuchukua LM35, kile kihisi cha miguu mitatu kinachotoa milivolti 10 kwa digrii. Hata kwa upeo uleule mpana, kila digrii ingepata ngazi 8. Mwanafunzi anayeanza anastahili kihisi kinachomjibu.

Wala programu haikumnyima nafasi. LabVIEW ilitoka mwaka 1986, kwenye kompyuta za Macintosh, na Jeff Kodosky na wenzake wa National Instruments waliijenga juu ya wazo moja: data hutembea kwenye waya, na anayetazama mchoro aweze kuifuata. Kuna taa ndogo juu ya dirisha. Ukiiwasha, programu inatembea polepole na unaona namba zikipita kutoka bloku hadi bloku. Kuna kidadisi cha kubandika kwenye waya wowote wakati programu inaendelea. Kidadisi kimoja kabla ya kichujio na kingine baada yake, kisha unakaa kimya na kuwaachia washiriki watazame. Chombo kilichoundwa ili kuonyesha kimetumiwa kuficha, na hilo ndilo linaloniuma.

Na limefanyika kando ya ziwa lipi? Kivu. Maji yake yana kina cha mita 485 mahali penye kina zaidi. Kwenye kina cha mita 80 hivi joto liko karibu digrii 23, na kutoka hapo hadi sakafuni linapanda hadi kupita kidogo 26. Digrii 3 tu, na ndani ya hizo digrii 3 mna habari yote ya chemchemi za chini, ya chumvi, ya gesi tunayoishi juu yake. Hubert Damas alipolipima mwaka 1935 na 1936, alikuta joto linaongezeka kadiri anavyoshuka, kinyume cha mazoea ya maziwa mengi. Hakulainisha namba zilizomshangaza. Aliziandika, na waliokuja baada yake walianzia hapo. Kisha mwaka 1976 F. C. Newman alichapisha makala juu ya kitu ambacho leo kila anayesoma habari za Kivu anakijua: joto la vilindi halipandi kwa mteremko, linapanda kwa ngazi. Ni mamia ya matabaka, kwa kawaida chini ya mita moja kila moja, na kati ya tabaka na tabaka joto linabadilika kwa sehemu chache tu za elfu ya digrii moja.

Ngazi! Ziwa letu lina ngazi za kweli, na sisi tunamfundisha kijana wa Bukavu kwamba akiona ngazi kwenye grafu azifute. Kuna ngazi za kisanduku na kuna ngazi za maji. Kazi ya mpimaji ni kuuliza hizi ni za nani, na yule kijana alikuwa ameshaanza kuuliza. Mji huu ulitikiswa tarehe 3 Februari 2008 kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Hapa kwetu mruko kwenye grafu waweza kuwa ndiyo habari yenyewe.

Mengine yalikwenda vizuri. Somo la vitanzi lilikuwa safi, na nyaya zilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia inavyotakiwa.

Nitarudia lile ninalolisema kila mwaka: mafunzo yetu yanaanza na paneli ya mbele, vitufe na rangi, na kihisi kinaletwa mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Wazee wa kituo cha utafiti cha Lwiro, enzi za taasisi ya IRSAC, walianzia upande wa pili. J.-Cl. De Bremaecker, aliyechapisha mwaka 1959 kazi yake juu ya matetemeko ya bonde la ufa, hakuwa na bloku ya kuvuta. Ilimbidi ajue seismografu yake inaongeza nini na inapunguza nini kabla hajaamini mchirizi wowote. Watu wanaitaja Lwiro kwa sababu ya majengo yake na sokwe wake. Mimi naitaja kwa nidhamu ile.

Alasiri ya siku ile washiriki walifundishwa kuhifadhi data. Niliomba nione mchoro wa mwisho. Waya unaokwenda kwenye faili ungeweza kugawanywa kabla ya kichujio, ni mbonyezo mmoja wa panya. Uligawanywa baada yake. Faili ambalo kila mshiriki alirudi nalo nyumbani kwenye fleshi lina safu mbili, saa na joto lililolainishwa. Ile mirukaruka ambayo kijana aliiulizia haimo, na akitaka kuitafuta usiku kwenye kompyuta yake, hana pa kuanzia.