Mwendo wa Telki

Tulipohama Usa River kuja Bunju, binti yangu hakuuliza habari za shule mpya wala za bahari. Aliuliza kama Dar es Salaam kuna farasi. Nikamjibu kwamba Dar kuna kila kitu, jibu ambalo kila anayehamia mji huu hulitoa kabla hajaujua.

Kule Arusha alikuwa amekwishapanda mwaka mmoja na nusu, kila Jumamosi, akirudi nyumbani na harufu ya majani makavu kwenye nywele. Chini ya Mlima Meru farasi si ajabu. Hewa ina ubaridi, malisho yapo, na mashamba makubwa ya huko yamefuga wanyama hao kwa miaka mingi. Pwani ni habari nyingine, na hilo nililijua vizuri zaidi baada ya wiki tatu za kuulizia. Niliuliza kwenye duka la dawa za mifugo Tegeta Kibaoni. Niliuliza fundi aliyekuwa anachomelea geti letu. Dereva wa bajaji ndiye aliyekuwa na jibu la haraka: "Farasi? Subiri Simba na Yanga, mama, uende Kwa Mkapa."

Hakuwa amekosea. Siku za mechi kubwa pale Temeke, askari wa farasi hupita taratibu katikati ya watu wa jezi nyekundu na za kijani na njano, na watu walewale wasiompisha mtu hata kwenye daladala huwapisha farasi. Jeshi la Polisi lina Kikosi chake cha Mbwa na Farasi, na kwa wakazi wengi wa Dar huyo ndiye farasi pekee waliyewahi kumwona kwa macho: wa serikali, wa mbali, juu yake kofia ngumu. Hafundishi mtoto wa mtu.

Nikafikiria klabu ya Jimkana. Jina hilo limetoka India, na Uingereza hadi leo ukilitaja wanaelewa mashindano ya wapanda farasi. Ukienda Jimkana ya Dar es Salaam utakuta gofu na tenisi. Jina limebaki, mnyama hayupo.

Banda la kwanza tulilolipata lilikuwa na farasi mweupe mmoja, aliyefungwa utepe wa dhahabu shingoni, wa kukodishwa kwa bwana harusi na kwa picha. Kijana aliyekuwa naye alituambia bei ya nusu saa kabla ya kutusalimu. Binti yangu akaenda moja kwa moja miguuni, akachuchumaa, akanyanyuka. "Mama, kwato zake zimepasuka." Kijana akacheka, akasema hazionekani kwenye picha. Tukaondoka.

Banda la pili lipo nyuma ya Boko, barabara ya vumbi inayokwisha kwenye miembe. Farasi watatu, paa la mabati lililowekewa makuti juu yake ili joto lisiwaue wanyama, na mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akishona mkanda wa ngozi. Tukamwamkia. Akaitikia, akamtazama mtoto viatu kabla ya kumtazama uso.

"Huyu ndiye mpandaji?"

"Ndiye, mzee."

"Leo hapandi," akasema. "Leo anainua miguu."

Kiswahili kina jina la mtu huyu: saisi. Ni neno la zamani, tulilolichukua kwa Waarabu pamoja na kazi yenyewe, na siku hizi ukilitamka watu hudhani umetaja jina la mtu. Huitwa "kijana wa farasi", hata akiwa na miaka sabini. Baba wa mzee wetu alikuwa saisi kabla yake, Unguja kwanza, kisha kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, enzi ambazo meneja alikagua mkonge akiwa juu ya tandiko. Hayo alituambia kwa sentensi mbili, na hakuyarudia tena.

Kuinua mguu wa farasi nilidhani ni jambo la nguvu. Mzee alisimama ubavuni, akageukia mkia, bega lake likagusa bega la mnyama. Kiganja kikaanzia juu, kwenye msuli, kikateremka polepole nyuma ya mguu kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi. Kilipofika juu kidogo ya kifundo, vidole viwili vikabana ule mshipa mgumu, bila kuvuta. Farasi akahamisha uzito wake kwenye miguu mitatu na ule wa nne ukaja wenyewe mkononi. Kilo mia nne na zaidi za mnyama zikakubali kusimama kwa miguu mitatu kwa sababu mtu mwembamba ameomba. Kisha chuma cha kuchokolea: kutoka kisiginoni kwenda mbele, kamwe si kinyume, kukwepa ile nyama laini ya katikati iliyochongoka kama kichwa cha mshale. Alipomaliza akainama, akanusa.

"Nusa na wewe, mjukuu wangu."

Binti yangu akanusa bila kusita.

"Unasikia nini?"

"Udongo."

"Basi mzima. Ukisikia harufu ya yai viza, kwato inaoza. Masika hapa Boko udongo haukauki, kwa hiyo pua yako ifanye kazi kila siku. Mchana na jioni."

Nimesoma shule miaka kumi na saba na sijawahi kufundishwa kunusa kitu ili nijue hali yake. Bibi yangu alinusa maziwa, samaki, shingo ya mtoto mwenye homa. Mimi husoma tarehe iliyopigwa kwenye pakiti.

Jumamosi iliyofuata ndipo akatandika. Kabla ya tandiko alipitisha nyuma ya kiganja mgongoni, si kiganja chenyewe, kwa sababu ngozi ya kiganja cha saisi imekuwa sugu mno kuweza kuhisi mwiba. Akaweka horji, kile kitambaa kinene cha pamba, akakivuta nyuma kidogo ili manyoya yalale yanakoelekea. Akafunga mkanda wa tumboni, kisha akasubiri. Nilidhani amechoka. Kumbe farasi huyo wa kahawia ana tabia ya kujaza pumzi anapofungwa mkanda, ili baadaye apumue, mkanda ulegee na mpandaji aning'inie ubavuni. Mzee akamtembeza hatua kumi, akamwacha apumue, akakaza matundu mawili zaidi. Walitazamana, mzee na farasi, kama wacheza bao wanaojuana.

Nilikuja kupenda zaidi ya yote namna alivyotaja mwendo. Kule Arusha mtoto alijifunza miendo kwa Kiingereza, nami niliamini kwamba Kiswahili hakina maneno hayo. Yapo. Telki: mwendo wa haraka usiorusha, farasi au punda anateleza na aliye juu anaweza kushika kikombe cha kahawa kisimwagike. Matiti: mdundo wa miguu miwili-miwili unaomrusha mpandaji asiyejua kuinuka kwenye vikuku. Shoti: mbio kamili, vumbi na dua. Telki imo kwenye kamusi, imelala humo kama sarafu ya rupia kwenye kopo la vifungo. Mji wetu ulipoanza kuendesha mabasi ya haraka mwaka 2016, tuliyaita Mwendokasi, na jina ni zuri. Lakini lugha iliyoweza kutofautisha kasi inayorusha na kasi inayoteleza sasa inajua kasi moja tu, na hiyo moja husimama kituoni nusu saa.

Na hatamu, je? Kuanzia mwaka 1975, ukuu wa chama ulipoingizwa kwenye katiba, nchi nzima iliimba kwamba chama kimeshika hatamu. Nilikuwa nikilitamka neno hilo shuleni gwaride likiwa limesimama, ngumi juu. Hadi leo hakuna kiongozi anayeingia ofisini bila gazeti kuandika kwamba ameshika hatamu. Nilizishika kwa mara ya kwanza pale Boko, nikiwa na miaka arobaini na sita: vipande viwili vya ngozi laini, vyembamba, vimetiwa mafuta. Nikazikaza kama nilivyoimba. Farasi akarusha kichwa.

"Sivyo, mama," mzee akasema. "Mwisho wa hizo kuna lijamu, na lijamu iko juu ya ulimi wa mtu. Shika kama umeshika kifaranga."

Alisema wa mtu. Sikumsahihisha.

Watu husema pwani haikuwahi kuwa nchi ya farasi, na kwa kiasi ni kweli. Mbung'o aliwamaliza wanyama wa misafara. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857 na punda wa mizigo, wengi wakafia njiani. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 jinsi watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda tangu wadogo, wavulana wakipewa farasi na wasichana punda wakubwa weupe wa Maskati. Sisi nasi tuna Mtoni yetu, kwa Azizi Ali, Temeke, ambako daladala hupanda ukingo wa barabara. Kila nikipita pale namkumbuka msichana yule juu ya punda mweupe, na mtumwa anayeshika kamba mbele yake, maana hilo nalo lilikuwemo na mapenzi yangu kwa maneno ya zamani hayaniruhusu kulifuta. Nani alikuwa anainua miguu ya wale punda? Bi Salme hakututajia majina yao.

Wala hatukuwa wema kwa wanyama hawa. Fadhila za punda ni mashuzi, tunasema. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Imebidi wakuu wa nchi za Afrika wakutane Addis Ababa mwaka 2024 ndipo biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi isimamishwe kwa miaka 15. Lamu, ambako punda ndiye gari, kuna hospitali ya punda tangu miaka ya 1980, na iliwabidi wageni kutoka Uingereza waje kuifungua.

Saa kumi na moja na nusu jioni, somo liwe limekwisha au halijaisha, mzee huwaingiza farasi ndani. Mara ya kwanza niliudhika; tulikuwa tumelipia saa nzima na foleni ya Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imekula dakika ishirini. Akaninyooshea kidole hewani juu ya kinyesi, kwenye vitone vyeusi ambavyo sikuviona mpaka nilipoinama. Usubi. Wadudu hao wadogo kuliko mbu hutoka kuanzia machweo hadi alfajiri, na ndio wanaobeba ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao pundamilia huuchukua bila kuugua na farasi asiyechanjwa huangushwa nao kwa siku chache, povu puani. Chanjo ipo. Mzee anachanja, na bado anawaingiza. Anafukiza kinyesi kikavu cha ng'ombe mlangoni, anateremsha magunia madirishani, anahesabu farasi watatu kwa sauti ingawa banda zima laonekana kwa mtupo mmoja wa jicho. Baba yake alifanya hivyo bila kujua habari ya virusi. Alijua tu kwamba farasi anayelala nje pwani hamalizi mwaka.

Mzee alikuwa na msaidizi, kijana wa hapohapo Boko, mwenye mkono mzuri, alisema. Amenunua bodaboda. Mzee hamlaumu, nami sina haki ya kumlaumu, maana pikipiki haihitaji kunuswa na hulipa kila jioni. Nilipomuuliza ni nani atashika kazi, alimwonyesha binti yangu kwa kidevu, akacheka mwenyewe. Wote watatu tulijua kwamba mtoto huyu anasomeshwa ili awe kitu kingine. Ada ninayolipa kila muhula ndiyo inayohakikisha hatakuwa saisi.

Jumamosi iliyopita tulikuta nyasi zimefyekwa hadi kwenye miembe. Kwenye uwanja ambako mzee hukata majani kulikuwa na bikoni mpya, za zege, zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Viwanja vya mita ishirini kwa ishirini na tano, akasema. Mwenye shamba amepata wateja, farasi wawili watakwenda Arusha na wa kahawia bado hajajulikana. Binti yangu akaanza kuuliza, nikamgusa bega. Mzee alikuwa ameshasimama ubavuni kwa farasi, uso kwenye mkia, kiganja kikiteremka. Mguu ukaja. Akachokoa tope kutoka kisiginoni kwenda mbele, akanusa, akauteremsha chini taratibu. Halafu akainama, akagonga chuma chake mara mbili juu ya bikoni kukidondosha udongo, akahamia mguu wa nyuma.